Chumba Chako cha Ndani

Wasini,
kwa Posta ya Msambweni.
Jumapili, 9 Agosti 1964

Mpendwa Shangazi Chiku,

Shikamoo, shangazi yangu. Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, na nakuomba umpe shikamoo yangu Mzee Dzombo, mumeo. Mwambie huku kwetu sote tunangojea kustaafu kwake kama kwamba reli ni mali yetu. Ndugu yangu Menza, mwanao, naye mpe salamu nyingi. Tulisikia amepata mtoto wa kike, Mwenyezi Mungu amkuze.

Vipi kifua chako? Katika barua yako ya Idi ulisema upepo wa ziwa unakukamata alfajiri. Mama ameniambia nikuulize kama bado unakunywa ile tangawizi na asali, au umeiacha kwa ajili ya ukali wake. Anasema anakujua, umeiacha.

Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama nyonga yake bado haijamkaa sawa tangu alipoteleza kando ya birika la maji ya mvua, na hatembei ila kwa kushikwa, lakini kula anakula na kusema anasema. Biasha mke wangu hajambo, na watoto hawajambo. Mimi ningali Ramisi, kwenye kiwanda cha sukari, upande wa mitambo. Siku za kazi nalala kule, na Jumamosi nakuja mpaka Shimoni nikavuka kurudi nyumbani.

Masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa. Birika zote za kisiwa zilijaa zikamwagika, na watu walifurahi, maana wewe wajua shida yetu ya maji. Nyumbani kwetu hatukuifurahia ile mvua, na ndiyo iliyonileta kwenye karatasi hii.

Shangazi, chumba chako hakipo tena.

Nimeandika hivyo bila kuzunguka kwa sababu kila nilipozunguka nilipotea njia nikaacha kuandika. Sasa limekwisha kusemwa. Nakuomba unisomee hadi mwisho, ingawa najua nakuomba mengi.

Mwaka jana Uhuru ulipokaribia, kila mtu hapa alitaka nyumba yake ing'ae. Ukuta wetu wa mbele ulikuwa umekuwa mweusi na kubanduka magamba. Marehemu baba kila masika yakiisha alikuwa akiupaka chokaa, na alipofariki mimi niliupaka mwaka mmoja tu nikaacha. Kuchoma chokaa kunataka kuni, kunataka kukesha na tanuri, kunataka subira, nami nilikuwa nikija Jumamosi nimechoka. Nikanunua simiti. Fundi Nzai wa Msambweni, ambaye ndiye anayejenga huku siku hizi, akaja akaupiga lipu ukuta mzima kuanzia chini hadi juu. Simlaumu. Aliipenda simiti kama nilivyoipenda mimi. Tulikuwa tukiupapasa ule ukuta kama wanawake wanavyopapasa kitambaa kipya dukani. Bendera tukaitundika pale pale, na watu wa Shimoni walivuka kuja kutazama.

Kisha ikaja barua yako ya Idi. Ulisema Mzee Dzombo atapumzika mwisho wa mwaka huu na mtarudi kukaa Wasini, katika chumba chako cha ndani. Uliniomba nitazame dari, na nipake chokaa kwenye vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, polepole, kwa brashi ndogo, ili yale maua yaliyochongwa yasizibe. Nilikujibu kwamba nyumba ni nzuri kuliko ulivyoiacha. Nilipoandika vile niliamini.

Mvua zilipoanza, Biasha ndiye aliyeona kwanza. Aliniambia ukuta wa mbele unatoka jasho kwa ndani. Nikamwambia ni unyevu wa kawaida. Baadaye akanitumia salamu Ramisi kwa mtu wa mashua kwamba ukuta umeota tumbo. Nikajibu kuwa nitakuja Jumamosi. Shangazi, nilifika hiyo Jumamosi nikautazama. Ulikuwa umevimba kwa nje kama gunia lililojazwa kupita kiasi, na ufa mmoja umeshuka kutoka darini mpaka kwenye dirisha. Maji yalikuwa yakiingia kwa juu, kwenye paa, na simiti ilikuwa imeuvika ukuta ngozi isiyopumua. Mawe ya matumbawe ndani yalikuwa yakiogelea kwenye tope. Chokaa ya baba ingeyaacha maji yatoke.

Nilimwita Nzai, naye kwa bahati alikuwa Shimoni kwa kazi nyingine, akavuka kwenye mvua. Akautazama ukuta kwa ndani, akautazama kwa nje, akasema, "Tukiukinga leo utasimama. Tukingoja, tutazoa mawe. Boriti mnazo?"

Hatukuwa nazo. Boriti hutoka Funzi, na bahari siku ile hakuna aliyethubutu kuiingia kwa safari kama hiyo. Nzai akageuka, akautazama mlango wa chumba cha ndani.

"Mle je, dari yake ni ya boriti?"

"Mle si mwangu," nikamwambia.

Wewe ndiwe wa kunifundisha mimi jinsi nyumba ilivyogawanywa babu Kavumbi alipofariki. Ukumbi na vyumba viwili vya mbele vilikuwa vya marehemu baba, kaka yako, na sasa ni vyangu. Chumba cha ndani na kiukumbi chake ni vyako. Nilijua hivyo tangu utotoni, na siku ile nilijua, na ndiyo maana nilimwambia Nzai vile. Halafu nikaenda kwa mama kutaka ufunguo.

Mama alikuwa amelala kitandani nyuma ya ukuta ule ule unaotaka kuanguka. Akafumba kiganja juu ya fundo la leso yake, mahali alipoufunga ufunguo wako.

"Huu niliwekewa, Kibwana. Sikupewa."

"Mama, nyumba inaanguka. Humu mna roho za watu."

"Basi watoe watu," akasema. "Ukuta hauna roho."

Tukamtoa. Tulimbeba na kitanda chake mpaka nyumba ya jirani yetu Mzee Mangi, na Biasha akawapeleka watoto. Kwa hiyo, shangazi, ulipofika wakati wa kuamua, ndani ya nyumba hamkuwa na mtu wa kuokoa. Ningeweza kukaa kwa Mzee Mangi nikauacha ukuta wangu uanguke, kwa kuwa ni wangu na mimi ndiye niliyeuharibu. Sikuweza. Niliona aibu ya watu wote waliokuja kuutazama.

Mlango wako sikuugusa. Nilipanda juu na Nzai tukatoa makuti, tukavunja chokaa ya dari kwa nyundo, tukaingia chumbani mwako kwa juu kama wezi.

Nikwambie tulichokiona, ingawa kukiandika kunaniuma. Boriti zako zilikuwa nzima. Hakuna iliyoliwa na mdudu hata moja. Nilipoigonga ya kwanza ilitoa sauti kama chuma. Chokaa ilikuwa imeshikana na jiwe hadi huwezi kujua lipi jiwe na ipi chokaa, na kuta zilikuwa kavu kabisa, pamoja na mvua yote ile. Nzai alikaa kwenye ukingo wa ukuta, maji yanamtiririka usoni, akasema, "Bwana Kibwana, chumba hiki kingekuzika wewe na wanao na kingali kimesimama." Babu alikijenga mwisho, nadhani, alipokuwa amekwisha kujifunza kwa vile vya mbele. Nami nimezaliwa katika nyumba ile na sikuwahi kujua kwamba kilicho bora ndani yake ni chako. Nilikijua siku niliyokivunja.

Tukazitoa boriti, tukaukinga ukuta wa mbele, nao ukasimama.

Jioni Biasha akaenda kwa mama akamweleza kwamba mvua inanyesha juu ya vitu vya shangazi. Ndipo mama akaufungua ufunguo mwenyewe kwenye leso. Alifanya hivyo kwa ajili ya vitu vyako, si kwa ajili yangu. Kitanda chako ni salama. Kasha ni zima lakini kifuniko kimevimba na hakifungi. Sahani mbili za ukutani zilivunjika kwa vipande vya dari, ile kubwa ya samaki wa buluu na nyingine iliyokuwa karibu na dirisha. Nguo Biasha alizifua zote na kuzianika, nazo zimo katika kasha letu.

Kama ningekomea hapo, leo ningekuandikia barua ya kuomba radhi na ningekuwa na la kujitetea. Sikukomea hapo.

Jumanne mvua ilikatika, jua likatoka. Ukuta umekingwa, watu wametulia, bahari imelala. Hapo ningeweza kuvuka Shimoni, nikaenda Msambweni nikakupelekea simu ya maandishi, nawe ungejua siku ile ile au ya pili yake. Biasha alinikumbusha asubuhi akinipa chai. "Mwambie shangazi kabla hujafanya lingine." Nikasema nitamwambia. Lakini sikwenda, kwa sababu nilijua utasema nini. Ungesema acheni hapo, wekeni makuti juu, ningojeni.

Na mimi nilitaka mawe. Pembe ya mbele ilikuwa imelowa hadi ndani na ilibidi ijengwe upya. Kuchimba matumbawe mapya na kuyakausha kungechukua msimu mzima, nami nilikuwa nimepewa ruhusa ya wiki moja tu kazini. Kuta zako, za chumba na za kiukumbi, zilikuwa hapo, kavu, bila dari.

Nzai akasimama mbele yake na nyundo yake akaniuliza, "Mwenyewe amesema?"

Nikamjibu, "Amesema."

Shangazi, neno hilo nililisema kwa kinywa changu, mchana kweupe, mke wangu akiwa uani anasikia. Biasha aliinama akaendelea kuchambua mchele.

Walianzia juu. Walipofika kwenye ukuta wa vidaka, Nzai akasita tena. Wewe wakumbuka kuliko sisi. Ni ule ukuta babu Kavumbi alioupiga lipu mwenyewe kwa ajili ya arusi yako, akayachonga yale maua na yale mawimbi kwa kisu cha jikoni, na bibi akimgombeza kwamba kisu chake kinakuwa butu. Umetusimulia sana kisa hicho, nasi tulikuwa tukicheka.

"Na huu?" Nzai akauliza.

Nilikuwa nimekwisha kudanganya, na aliyekwisha kudanganya huona haya kurudi nyuma kuliko kwenda mbele. Nikasema, "Na huu."

Lipu ilidondoka kwa vipande vikubwa. Mahali pengine, nyuma yake, palikuwa na alama za vidole vya babu alipoikandika. Niliviokota vilivyobaki vizima nikavitia katika vikapu viwili, navyo vimo chini ya kitanda cha mama. Sijui ni vya nini. Sikuweza kuvitupa.

Basi pembe imejengwa, na nyumba imesimama. Simiti yote nimeibandua kwa tindo, mimi mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mahali pake nimepaka chokaa ambayo safari hii nimeichoma na Nzai pale ufukweni. Kila mtu anasema nyumba imependeza na imerudi kama ya zamani. Watu waliokuja Maulidi waliisifu. Mmoja akauliza, "Na kule nyuma palikuwa na nini?" Nilijifanya sikusikia, nikaenda kuwaongezea wageni kahawa.

Kuanzia hapo sikupata usingizi mzuri. Nikikaa ukumbini natazama mawe ya pembe ile. Hayafanani na mengine, ni meupe zaidi na yamekatwa kwa uangalifu zaidi. Mgeni hawezi kuyatambua. Mimi najua kila moja lilikuwa wapi.

Wiki iliyopita niliandika barua ya kwanza kwako. Nilieleza mvua, ukuta, boriti, na jinsi chumba chako "kilivyopatwa na maafa." Kabla ya kuifunga nikaenda kumsomea mama, maana alitaka salamu zake ziingie. Alisikiliza yote. Nilipofika mwisho akaniambia, "Soma tena pale unaposema kuta zilianguka."

Nikasoma.

"Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika," mama akasema. "Nilikuwa kwa Mangi, nimeota jua barazani. Nilikuwa nikisikia nyundo."

Kisha akanigeukia akasema kwa upole, si kwa hasira, na ule upole ndio uliozidi kuniuma. "Chiku alipokuwa akiondoka alinishika mikono. Hakuniambia neno, alinipa ufunguo tu. Mimi sikuweza kuinuka kitandani kuukinga mlango wake. Wewe una miguu. Mwandikie yote, mwanangu, na hiyo siku ya jua uiandike."

Nikaichana ile barua. Kesho yake nikamwendea Nzai nikamwambia kwamba wewe hukusema kitu, kwamba nilimdanganya. Aliweka chini mwiko wake. Akaniambia, "Ningeshuka ukutani, bwana. Umenitia mkono katika dhuluma na mimi sijui." Alikataa chai yangu. Wiki hii amekuja tena, amesema akitakiwa kukujengea chochote atajenga bila ujira, lakini kwa kukuuliza wewe, si mimi.

Kujenga chumba kile tena siwezi, shangazi. Mawe ya kukijengea nitayapata, na boriti pia, hata kama ni kwa miaka. Lakini mkono wa babu nitautoa wapi? Sitaki kukuahidi kitu ambacho kitakuwa uwongo wa pili.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Ijumaa nilipata ruhusa kazini nikavuka, na baada ya sala niliwaomba imamu na Mzee Mangi wabaki nami, nikawaeleza mambo yote kama nilivyokueleza wewe. Nikasema mbele yao kwamba kuanzia sasa tubadilishane mafungu. Nyumba iliyosimama, ukumbi na vyumba viwili vya mbele, ni yako, wewe na kizazi chako. Kiwanja kilichobaki wazi kule nyuma ndicho changu. Imamu alisema jambo hili halitimii mpaka wewe mwenyewe uridhie, na asiyekuwapo hanyamazishwi. Nikasema ndiyo maana naandika. Tulipokuwa tukitoka Mzee Mangi alinishika bega kidogo.

Nilimwogopa Biasha kuliko wote, maana nilikuwa nimelitoa paa juu ya kichwa chake na watoto wake bila kumshauri, yaani nimelifanya tena lile lile. Nikamwambia. "Hata mimi ungeniuliza," akasema. Nikamjibu kweli, ningemwuliza, nikamwomba radhi. Akasema, "Ningekubali. Nilipokuwa nikichambua ule mchele nilijua kuwa hatutakaa humu kwa raha." Akaanza kufunga vyombo. Sasa tunalala katika jiko la uani, sote, na mvua ndogo ikinyesha tunasogeza mikeka. Mama peke yake ndiye aliyebaki ndani, kama mgeni wako, na amesema nikuambie kuwa anakutunzia.

Wala sikuandikii haya ili uniambie nimelipa. Najua mtu hawezi kuvunja chumba alichoarusiwa mwenziwe akampa ukumbi, kisha wakahesabiana sawa. Ulizaa katika chumba kile. Bibi alikufia katika chumba kile, mkono wake u katika mkono wako. Hayo hayahami. Ukiniambia hutaki nyumba wala kuniona, nitasikia. Ukimwambia Mzee Dzombo mshuke Tanga mkae kule badala ya kuja kwetu, sitakuwa na la kusema.

Lakini kama moyo wako utakubali, njooni kama mlivyokusudia. Njoo uingie kwa mlango wa mbele, upange vitu vyako utakavyo. Mlango wako wa mvule uko mzima, tumeuegemeza ukumbini na kuufunika. Useme mwenyewe uwekwe wapi.

Mama anakusalimu sana, na Biasha, na watoto, na Mzee Mangi na watu wote wa mtaani. Nisalimie tena Mzee Dzombo, Menza na mkewe, na umbusie yule mjukuu mchanga. Mwenyezi Mungu akupe afya, akusafirishe salama, na akurudishe kwetu ukiwa na moyo wa kututazama.

Limebaki neno moja. Katika kile kiwanja nilitaka kujenga kibanda cha fito na udongo, cha mimi na Biasha na watoto, kabla ya mvua za vuli. Fito nimekwisha kuzikata na zimelala Shimoni. Lakini mpaka uridhie mabadilishano yale, ardhi hiyo ni yako bado, na sijachimba shimo hata moja. Je, shangazi, waniruhusu?

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na nikuoneaye haya,

Kibwana Mbwana